UA WA NYUMBA NA MGENI ASIYE NA KADI



Wiki hii vijana zaidi ya watatu wamenitumia video ileile moja. Ni mkahawa uliomo ndani ya nyumba ya zamani kule Marrakech, Morocco. Unaingia kwa mlango mdogo kwenye kichochoro chembamba, ukuta mtupu hauna hata dirisha, halafu ukishapita ndani unakuta bustani. Michungwa, maji yanabubujika katikati, vigae vya rangi sakafuni, meza zimewekwa kivulini, na mhudumu anamimina chai ya nanaa kutoka juu kabisa bila kumwaga tone. Kijana mmoja akaandika: "Mashaallah sheikh, Uislamu una ustaarabu. Kwa nini sisi huku hatukuwa na kitu kama hiki?"

Ndugu yangu, tulikuwa nacho. Na aliyeandika habari kwamba tulikuwa nacho ni mtu wa Morocco hukohuko. Andiko la leo ni refu kidogo, kwa hiyo chemsha chai yako kabisa.

Tuanze na jina. Nyumba zile Wamorocco huziita riadh, neno linalotokana na rawdha, yaani bustani. Ni neno lilelile tunalolitumia kwa ile sehemu ya Msikiti wa Madina iliyo kati ya nyumba ya Mtume (s.a.w.) na mimbari yake. Mjenzi wa Fes au Marrakech aliiachia njia ukuta mtupu, uzuri wote akauweka ndani. Alifanya hivyo kwa ajili ya joto, maana ua wenye maji na miti hupoza nyumba nzima. Alifanya hivyo kwa ajili ya sitara, watu wa nyumbani wapate jua na hewa bila kuchunguliwa. Na lipo jambo la tatu ambalo mimi nalipenda kuliko yote: ukipita njiani huwezi kujua kwa urahisi ipi ni nyumba ya tajiri na ipi ni ya fukara. Tajiri hakumringia jirani yake kwa ukuta.

Sasa nenda Lamu. Nyumba za mawe za pale unaingia kwa daka, penye viti vya mawe kila upande, mgeni anakaa hapo anapumzika. Ukipita unakutana na kiwanda, ndio ua wenyewe, hauna paa. Kisha misana, kisha ndani kabisa kwenye kuta zenye zidaka. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye nyumba za Waarabu utakuta mpango huohuo: nje baraza la kukaa wapita njia, ndani ua uliozungukwa na ghorofa. Kwa hiyo kijana, hicho ulichokiona Marrakech babu zako wa pwani walikijua vizuri sana. Walichokikosa ni mtu wa kuwapiga video.

Sasa huyo shahidi wetu. Jina lake ni Muhammad bin Abdallah, tunayemwita Ibn Battuta. Alizaliwa Tanja, Morocco, mwaka 1304. Mwaka 1325 akatoka kwao kwenda kuhiji, akiwa na miaka 21 tu, akaendelea kuzunguka dunia zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1331 alipanda chombo kutoka upande wa Aden akashuka pwani yetu. Alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Na alipofika hakuandika tu majina ya masultani. Aliandika alichokula.

Mogadishu, anasema, chombo kikifika bandarini vijana wa mji huja na mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anamkabidhi mfanyabiashara sahani na kusema huyu ni mgeni wangu. Basi mfanyabiashara huyo atakwenda kulala nyumbani kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye atakayemuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Tazama hapo. Ule ukarimu ulikuwa na biashara ndani yake. Sahani ilikuwa chakula na ilikuwa pia namna ya kupata mteja. Ibn Battuta hakuliona hilo kuwa baya, na mimi silioni baya. Ninalitaja kwa sababu kuna watu hudhani zamani kila kitu kilikuwa cha bure na leo ndio tumeharibikiwa. Sivyo. Biashara ilikuwepo, lakini ilianza na sahani. Bei ilizungumzwa baadaye.

Yeye mwenyewe hakuwa mfanyabiashara, alikuwa faqihi, na ada ya mji ilikuwa faqihi ashukie kwa kadhi. Akaletewa tambuu na popoo na maji ya waridi, akapelekwa kwenye nyumba iliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa elimu. Chakula kikaja kutoka nyumbani kwa mtawala. Wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mbao, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa ya mgando, na ndimu za kuachariwa, na pilipili zilizotiwa siki na chumvi, na tangawizi mbichi, na embe. Nyie wa pwani mnaosoma hapa, si mnacheka? Hicho ni chakula cha Ijumaa nyumbani kwa bibi yako. Karibu miaka mia saba imepita na achari ya ndimu iko palepale pembeni ya sahani. Akaongeza kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao. Hilo nalo nawaachia wenyewe mlijibu.

Kitabu chake hakukiandika njiani. Alikisimulia baada ya kurudi kwao, kwa amri ya Sultan Abu Inan, akaandikiwa na mwanachuoni Ibn Juzayy, kazi ikaisha mwishoni mwa mwaka 1355 huko Fes. Yaani miaka 24 baada ya kuondoka kwetu, akiwa katika mji uleule wa nyumba za bustani, ndizi za maziwa bado alikuwa anazikumbuka.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Akasema wenyeji wanakula zaidi ndizi na samaki, nafaka wanaletewa kutoka bara ya Sawahili, misikiti yao ni ya mbao imejengwa madhubuti, na penye mlango wa msikiti kuna kisima, mtu anateka maji na kuosha miguu kabla ya kuingia. Tuendelee, maana jambo langu liko Kilwa.

Sultani wa Kilwa wakati ule alikuwa Abul Mudhaffar Hassan bin Sulaiman, na watu walimwita Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Huyu ndiye mwenye Husuni Kubwa, kasri iliyoko juu ya mwamba ukiitazama bahari, magofu yake yapo hadi leo. Ina vyumba zaidi ya mia moja, nyua kubwa zenye ngazi za mawe, na birika la pembe nane la kuogea. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochimbua pale miaka ya 1960, chini ya Neville Chittick, walikuta jiwe lenye jina la sultani huyu. Na ujue hili: mwaka 1981, mwaka uleule mji mkongwe wa Fes ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara ziliingizwa. Mwaka mmoja! Kijana wa Morogoro anaijua Fes kwa simu, Kilwa hajafika, na Kilwa iko ndani ya nchi yake.

Mtu mwenye kasri namna hiyo alikula na nani? Ibn Battuta anasema alikaa na mafakiri na kula nao, akawaheshimu watu wa dini na masharifu. Ijumaa moja alipokuwa anatoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka sasa hivi. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita fakiri aje achukue. Watu wakastaajabu na kumshukuru sultani wao.

Ningeweza kuishia hapo, mkaandika takbira kwenye maoni, tukaachana. Lakini kisa kinaendelea, na mwenye kusimulia historia hana ruhusa ya kukata kipande kisichompendeza. Mwana wa sultani alizichukua zile nguo kwa yule fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru apewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu ishirini, ndugu zangu. Kila mmoja ana mama yake mahali. Na Ibn Battuta mwenyewe ameeleza kwamba sultani huyo alikuwa akishambulia nchi za bara na kuchukua ngawira, na kutoka humo akitenga khumsi yake kwa masharifu waliomjia kutoka Iraq na Hijazi.

Kwa hiyo tunapousifia ua wa Kilwa, tuulize pia nani alibeba mawe yake na nani alikoroga wali. Sisi wa bara tuna haki ya kuuliza swali hilo kuliko wengine. Mtume (s.a.w.) alifundisha kumlisha mtumishi katika kile unachokula mwenyewe na kumvisha unachovaa, na kumwacha mtu huru akakufanya kuwa ibada kubwa. Ukarimu wa sultani ulikuwa wa kweli kwa yule aliyeketi kwenye sinia. Kwa yule aliyetolewa zawadi ulikuwa kitu kingine. Yote mawili ni historia yetu, na wala hayafutani.

Sultani Hassan akafa, akatawala ndugu yake Daud. Huyu ombaomba akimjia humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, na hakuacha cha kutoa. Wageni wakawa wanakaa kwake miezi, kisha wanapewa kidogo, mpaka wakaacha kuja. Nyua zilikuwa zilezile. Hakuna jiwe lililoondolewa.

Tuvuke tuje Unguja. Sayyida Salme binti Said, aliyekuja kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Ameueleza ua wa Mtoni alikozaliwa: mkubwa, tausi wanatembea, paa, mabata, hata mbuni, na watoto wanacheza humo. Kasri lile lilikuwa na watu zaidi ya elfu. Lakini soma vizuri, utaona ua huohuo ndio jiko, ndio njia ya watumishi wabeba maji, ndio kelele za wapishi. Haukuwa mahali pa kupigia picha. Palikuwa pahali pa kazi, na sehemu kubwa ya wafanyakazi hawakuwa huru.

Sasa zile nyumba za Mji Mkongwe zimekuwaje? Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, nyumba zikachukuliwa na serikali, wakawekwa familia za kawaida, nyingi ndani ya nyumba moja. Paa zikavuja, kuta zikaanguka. Mwaka 1985 ikaanzishwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 ukaingia Urithi wa Dunia. Watalii wakaja, na nyumba zikaanza kugeuzwa hoteli na mikahawa. Nyumba ya Tharia Topan pale Hurumzi, tajiri mkubwa wa zama za Sayyid Barghash, leo ni hoteli, watu wanapanda darini kula jua linapozama. Na simulizi za mjini zinalihusisha jina hilo la Hurumzi na watumwa waliopata uhuru wao baada ya amri ya 1897. Mgeni anakula pweza wa nazi juu ya habari hiyo, na mara nyingi haijui.

Mtaniuliza: sheikh, kula kwenye mikahawa hiyo kuna ubaya? Kuuza chakula ni halali, na kukarabati nyumba isianguke ni jambo jema. Angalia usikae kwenye meza inayozungushiwa pombe, maana sehemu nyingi za watalii ipo. Ukiwa na uwezo, mpeleke mkeo akale, siku moja mwaka mzima si israfu. Mimi simlaumu mwenye mkahawa hata kidogo. Yeye ameandika bei mlangoni, kasema mapema kwamba huu ua ni wa anayelipa. Ugomvi wangu uko nyumbani, Morogoro, na si kwa wenye mikahawa.

Maana hata sisi wa chini ya Uluguru tuliwahi kuwa na mlango wa nakshi. Karne ya 19 palikuwa na mji hapa wa Kisabengo, kisha wa binti yake Simbamwene, kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Unyanyembe. Stanley alipita 1871 akakuta ngome yenye minara kwenye pembe zake nne na milango minne ya mbao ngumu, imechongwa nakshi za Kiarabu. Na nyumba ya malkia ilijengwa kwa mtindo wa pwani, paa refu lenye baraza mbele. Mwaka uliofuata mafuriko yakaubomoa ukuta. Lakini msifikiri palikuwa pepo. Msafara ukipita ulidaiwa hongo, na Burton aliyepita 1857 alimtaja Kisabengo kama mteka watu. Baraza lilikuwepo, na mgeni alikuwa anatozwa. Kwa hiyo desturi ya kumtoza mgeni hapa kwetu ina umri.

Na ndiyo inayorudi, ila sasa imevaa nguo za harusi.

Ndoa nyingi nazozifungisha msikitini siku hizi, walima unafanyika ukumbini usiku, kwa kadi. Kwanza kadi ya mchango, imeandikwa kima. Ukitoa kiasi hiki unapata kadi ya mtu mmoja, ukitoa kiasi kile kadi ya watu wawili. Usipofika kima huna kadi, na usipokuwa na kadi mlangoni huingii. Nimesimama mlangoni mwa ukumbi mmoja hapa mjini, sitautaja, nikaona bibi wa watu anarudishwa. Jirani wa ukuta kwa ukuta na bibi harusi. Ndiye aliyekuwa akimwogesha alipokuwa mtoto mama yake akiwa sokoni. Alikuwa amevaa kanga mpya, kashika mkononi bahasha yake ndogo ya tunza. Yule kijana wa mlangoni hakuwa na ukali, alisema tu, "Bibi, wameniambia kadi." Nikamwambia aniite mwenye shughuli. Mpaka mwenye shughuli anatokea, bibi alishaondoka.

Mtume (s.a.w.) amekieleza chakula cha walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa mafukara kuwa chakula kibaya kuliko vyote, na hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Hakusema chakula duni. Kinaweza kuwa pilau ya mbuzi yenye iliki na mdalasini wa Kinole na kikawa ndicho kibaya. Na walima wake yeye mwenyewe kwa Mama yetu Safiyya (r.a.) ulikuwaje? Hapakuwa na mkate wala nyama. Ilitandikwa ngozi chini, zikamwagwa tende, maziwa makavu na samli, watu wakala. Hakuna aliyechangishwa kima.

Watu hunijibu kwamba maisha ni ghali, ukumbi unahesabu sahani. Ni kweli, mwenye ukumbi anahesabu. Basi rudini uani. Nendeni Matombo, nendeni Kinole, nendeni Mkuyuni mkaone walima wa mlimani. Mafiga yamewashwa tangu alfajiri nyuma ya nyumba, wanaume wanakoroga wali kwa miko mirefu, ndizi zimekuja mikungu kwa mikungu kutoka mashambani, majamvi yametandikwa chini ya mwembe, sinia moja watu watano. Mpita njia anaitwa "karibu chakula", anakaa, ananawa, anakula, anaondoka bila hata kumjua bwana harusi. Gharama yake yote haifiki kodi ya ukumbi wa mjini. Tofauti ni kwamba huwezi kuweka taa za rangi.

Mimi nimeanza kwenye msikiti ninaoswalisha. Uwanja wa nyuma wa msikiti uko wazi kwa walima wa yeyote, bila malipo, masufuria makubwa yapo, majamvi yapo, maji yapo. Sharti ni moja: mlangoni hasimami mtu wa kukagua kadi. Tangu Mfungo Mosi familia nne zimekubali. Familia ya tano ilikubali, kisha kamati ya harusi ikakataa, wakaenda ukumbini. Anayetaka tarehe amwone katibu wa msikiti baada ya Magharibi, asinitumie ujumbe mimi maana simu yangu inajaa.

Ijumaa ijayo inshaallah nitaandika habari ya Simbamwene peke yake, kwa sababu wengi wanakaa mji huu na hawajui ulitawaliwa na mwanamke. Wallahu a'lam.